Mama Mtutu Anaweka Ufito Chini

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mitatu katika ghala la silaha la hifadhi yetu, fundi wetu wa bunduki anastaafu. Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu wake kwa ajili ya jarida la wafanyakazi, na imenisihi niweke maneno matamu. Kamati hiyohiyo imemnunulia zawadi ya kumuaga: ganda la risasi la shaba, limesuguliwa mpaka linang'aa kama jino la dhahabu, limesimamishwa juu ya kibao cha mbao. Umri wake wote wa kazi mwanamke huyu amewasihi watu waache kusugua vitu visivyohitaji kusuguliwa, na sisi tumemsugulia kimoja aende nacho nyumbani. Kwa hiyo utamu msiutarajie. Nitaandika yaliyotokea.

Mimi ni mtunza stoo ya sare. Dirisha langu na dirisha la ghala la silaha yako kwenye baraza moja, na askari yeyote anayerudi doria hupita kwangu ndipo afike kwake. Mengi ya haya sikuhadithiwa. Niliyasikia kwa masikio yangu, mengine bila kupenda.

Alikuja kwetu akiwa binti aliyetoka chuo cha ufundi, amesomea kukereza vyuma. Kiongozi wa doria wa wakati ule alimwona barazani na kimkoba chake akadhani amepotea.

"Binti, ofisi ya wachapaji iko upande ule."

"Nimepita huko," akajibu. "Wamenielekeza hapa, wakasema ndiko kuna vyuma vinavyoonewa."

Akaingia, akachukua bunduki iliyokuwa karibu, akachomoa bolti, kile chuma cha nyuma kinachofungia risasi ndani, akainua mtutu kuelekea dirishani na kuchungulia kutoka nyuma. Wanaume wakamkodolea macho. Alipoishusha aliuliza swali moja tu: "Hii mnalindia wanyama au mnakorogea uji?"

Hapo ndipo jina la Mama Mtutu lilipoanzia, ingawa umama wenyewe ulikuwa bado.

Kwa wale wa ofisi za juu, ambao bunduki wanaiona kwenye picha za kalenda, nieleze kidogo. Ndani ya mtutu kuna mifereji myembamba iliyochongwa kwa kuzunguka. Mifereji hiyo huizungusha risasi ili iende ilikotumwa, isiyumbe hewani kama mlevi. Mahali pa mwisho risasi inapogusa kabla ya kwenda zake ni ukingo wa mdomo wa mtutu. Ukingo ule ukilika upande mmoja, hata kwa upana wa unywele, risasi inasukumwa pembeni wakati inatoka, na hapo lenga unavyotaka, umeshakosa. Sasa fikiria askari anayechukua ufito wa chuma, anauingiza kwa mdomo, anausugua mbele na nyuma huku umepinda na kukwaruza ukingo kila mara. Anafanya hivyo kwa bidii. Anatokwa na jasho. Anakwenda kulala akijiona mtu safi.

"Mitutu yenu haifi kwa kupiga risasi," alikuwa akiwaambia. "Inakufa kwa kuogeshwa."

Yeye aliogesha hivi. Bunduki ilalie mahali imara, mdomo ukiinama kidogo ili dawa ya kusafishia isitiririke kurudi kwenye mbao na mitambo. Bolti itoke, na ufito uingie kwa nyuma, upande risasi inapoingilia, ukipitia ndani ya kibomba kifupi kinachoushika katikati usiguse kuta. Ufito uwe mmoja mzima, si vipande vya kuunganisha, na upanguswe kila unapotoka, maana chembe moja ya mchanga iking'ang'ania hapo inageuka msasa. Kitambaa cha pamba chenye dawa kipite kwanza, kisha mtu atulie, aache dawa ifanye kazi iliyonunuliwa kuifanya. Ndipo brashi laini ya shaba, nayo itokeze kabisa upande wa pili kabla ya kurudishwa. Anayeigeuza katikati anaikunja nywele na kuukera mtutu. Baada ya hapo vitambaa vikavu, kimoja baada ya kingine, mpaka kitoke bila weusi. Mwisho mafuta kidogo sana. Zile bunduki zisizofunguka kwa nyuma alizivuta kwa kamba yenye kitambaa, taratibu, bila kuiacha isugue ukingo. Kisha akaacha. Kuacha ndiko kulikowashinda wengi.

"Uchafu gani huo unaotaka nguvu zote hizo?" aliwahi kumfokea askari mmoja aliyekuwa akipampu ufito kama anayejaza upepo kwenye baiskeli. "Unasafisha bunduki au unamfufua maiti?"

Sisi tuliokuwa barazani tulicheka mpaka tukashika ukuta. Askari yule akaitwa Pampu mpaka alipohama.

Majina ndiyo yaliyokuwa kiboko chake. Ukiharibu mtutu, aliufungua, akaukata kipande, akakitundika ukutani mbele ya dirisha lake, na chini yake akaandika kwa chaki jina alilokupa. Pampu alikuwepo. Alikuwepo Mchimba Kisima, na Bwana Msumari. Ukuta ule ulikuwa burudani ya kituo kizima. Wageni wakija tuliwapeleka kuuona kabla hata ya kuwaonyesha choo kiko wapi.

Wakati huo tulikuwa na Mkuu wa Kituo tuliyemwita Kioo. Yupo bado kazini, ofisi nyingine, na jarida hili linamfikia, namsalimu. Kioo aliamini kwamba kitu kikimeremeta kinafanya kazi. Alikagua bunduki kwa kumulika tochi mdomoni, akijitazama humo kama anayenyoa ndevu, na akatangaza kwamba kila mwezi askari mwenye mtutu unaong'aa kuliko wote atapewa siku ya mapumziko. Mama Mtutu alimfuata ofisini kumwambia kwamba kung'aa si kipimo. Kioo akamwambia askari lazima wawe na nidhamu. Akarudi ghalani akiwa amefura, akaanza kuwachapa kwa ulimi wale wasioweza kumjibu, yaani askari.

Aliyeshinda mwezi wa kwanza alikuwa Twiga. Wenzake walimpa jina hilo kwa urefu, alikuwa mtu wa watu, mpole, mwenye mke mkali na watoto watatu. Mke alikuwa amejifungua karibuni, na Twiga aliitaka ile siku ya kukaa nyumbani kuliko mshahara. Basi akachukua zile nyuzi za chuma za kusugulia masufuria, akazizungushia kwenye ufito, akasugua. Mtutu ukawaka. Kioo akampa mkono.

Wiki iliyofuata Mama Mtutu aliijaribu bunduki ile shabahani. Risasi zilitua huku na huku kama mbegu zilizomwagika. Akachungulia ndani, akaona mifereji imechubuka kutoka mwanzo hadi mwisho. Hakumwita Kioo. Alimwita Twiga, mbele ya foleni nzima.

"Ulisugua na nini?"

Twiga akasema.

"Nyumbani kwako mnapika ugali kwenye bunduki?"

Kipande cha mtutu kikapanda ukutani, na chini yake: FUNDI SUFURIA. Twiga alicheka pia. Kwa urefu ule hakuwa na pa kujificha, akacheka na sisi.

Jina halikukaa barazani. Likaenda nyumba za wafanyakazi, likafika bombani wanakochota maji watoto, na watoto hawana breki. Wanawe Twiga wakaitwa visufuria.

Baada ya hapo jambo moja lilibadilika. Foleni ya dirisha la silaha ilipungua. Askari walikuwa wakirudisha bunduki zimeshasafishwa, wanazikabidhi haraka, wanaondoka. Mama Mtutu alijipiga kifua. "Mnaona? Wamejifunza." Hawakuwa wamejifunza kitu. Walikuwa wakisafisha nyuma ya gereji kwa vijiti, vyuma na matambara, ili wasisimame mbele ya dirisha lake na tatizo mkononi. Mtu aliyekuwa hodari wa kuona kasoro ndani ya tundu la bunduki hakuiona hii iliyokuwa ikipita mbele ya uso wake kila jioni.

Siku moja ya mvua Twiga alirudi doria na tope mpaka mdomoni mwa mtutu. Alikuwa na zamu asubuhi, kwa hiyo silaha alibaki nayo. Akajaribu kuisafisha nyumbani kwa ufito wa vipande vya kuunganisha na kitambaa alichochana kwenye shati kuukuu. Kitambaa kilikuwa kinene. Kikakwama katikati, na alipovuta, kipande cha mbele cha ufito kikafunguka kikabaki ndani nacho. Akatafuta waya wa seng'enge, akachokoa. Kile kipande cha chuma kikatoka. Kitambaa kikazidi kushindiliwa.

Mke wake ndiye aliyetusimulia yaliyofuata. Alimwambia, "Si uipeleke kwa fundi? Ndiyo kazi yake."

"Niipeleke nikapewe jina lingine?"

"Basi mwambie mkubwa wako uende bila bunduki."

"Nimwambie kwa nini sina?"

Akachungulia, akaona giza, akajiambia risasi itakisukuma nje.

Asubuhi wakaitwa kwenda kuwarudisha tembo walioingia mashamba yaliyo mpakani mwa hifadhi. Twiga aliinua bunduki kupiga hewani kuwatisha. Mtutu ukapasuka mahali mkono wake wa kushoto ulipokuwa umeushika. Tembo walikimbia kweli. Twiga alibebwa na wenzake hadi kwenye gari, na hospitali wakamkata vidole viwili, wakamwambia sikio la upande ule huenda lisirudi sawasawa. Halikurudi.

Mama Mtutu aliomba nimsindikize kumwona. Njiani alikuwa bado yuleyule. "Waya wa seng'enge! Mtu mzima! Ndani ya mtutu!" Alisema hivyo mpaka tulipofika mlango wa wodi, na hapo tukamkuta mke wa Twiga ameketi kwenye benchi, mtoto mchanga mapajani. Mwanamke huyo alikuwa mdogo sana kwa Mama Mtutu kwa umri. Hakumwamkia.

"Umekuja kumpa jina jipya?"

"Nimekuja kumwona mgonjwa, mwanangu."

"Mimi si mwanao. Mgonjwa amelala, nisikilize mimi. Wanangu wakienda bombani wanaitwa visufuria. Huyu wa pili anadhani ndilo jina la ukoo wetu, juzi amelitaja shuleni. Na baba yao nimemkuta ameinama nyuma ya mlango, anachokoa bunduki ya serikali kwa waya, anatazama huku na huku kama mwizi. Nikamwambia nenda kwa fundi. Unajua alimalizia na nini? Alisema, 'Bora nikutane na tembo kuliko yule mama.'" Akamhamisha mtoto begani. "Basi amekutana nao."

Mama Mtutu akaweka kwenye benchi matunda aliyomletea mgonjwa, na tukaondoka. Mke wa Twiga aliyaacha palepale.

Tukiwa tumefika karibu na lango la kituo alisimama.

"Hivi watu wananiogopa?"

"Mimi mwenyewe," nikamwambia, "nikiwa na haraka huwa nasubiri uingie ndani ndipo nipite baraza."

"Na hukuniambia?"

"Nilikuwa nakuogopa."

Hakucheka.

Kioo aliitisha kikao cha uchunguzi ofisini kwake, kwenye ile meza yake yenye kioo juu. Tuliitwa wote tuliohusika na vifaa. Alikuwa ameshaamua: uzembe wa askari, afukuzwe, asilipwe kitu. Alisoma kwa sauti ya mtu anayefungua duka jipya. Halafu akamgeukia fundi ili athibitishe, na nadhani alikuwa na hakika naye, maana kama kulikuwa na mtu kituoni aliyejulikana kwa kuwadharau askari, alikuwa yeye.

Mama Mtutu aliweka juu ya kioo kile mtutu uliopasuka, ameupasua kwa msumeno urefu wote, nusu mbili kama muhogo. Mkuu akarudisha kiti nyuma, akihofia meza yake.

"Hapa ndipo kitambaa kilipokuwa," akasema. "Unaona chuma kilivyovimba kabla ya kupasuka. Risasi imekuta njia imezibwa."

"Sawasawa. Uzembe wa askari."

"Sijamaliza. Hapa kuna mikwaruzo ya waya. Askari huyu anaishi hatua chache kutoka ghalani. Ghalani kuna ufito mzuri, kuna dawa, kuna mtu anayelipwa kwa kazi hiyohiyo. Kwa nini achukue waya wa uzio? Kwa sababu ghalani kuna kitu alichokiogopa. Kitu chenyewe ni mimi. Andika."

Kioo akacheka kidogo. "Siwezi kuandika kwamba askari amejeruhiwa na ulimi wa fundi."

"Utaweza tu. Na ukishaandika hilo, andika zawadi yako ya kung'arisha. Wewe uliwafundisha kwamba bunduki ni ya kutazamwa. Mimi nikawafundisha kwamba fundi ni wa kukimbiwa. Tumesaidiana vizuri."

Kioo alitafuta mtu wa kumuunga mkono, akatutazama mmoja mmoja, na kwa mara ya kwanza katika historia ya kituo hiki hakuna aliyetikisa kichwa kumkubalia. Sifa hiyo si yetu sana. Tulikuwa tunatazama ule mtutu.

Alikataa kuandika. Mama Mtutu akaupeleka makao makuu mwenyewe, umefungwa kwenye gazeti kama samaki, na akarudia maneno yaleyale mbele ya wakubwa. Twiga hakufukuzwa, na matibabu yake yalilipwa. Zawadi ya kung'arisha ilifutwa. Mama Mtutu alipewa onyo kali kwa lugha isiyofaa kazini, akalipokea. Kioo baadaye alihamishiwa ofisi yenye sakafu ya vigae, na nasikia inang'aa.

Siku aliyorudi kutoka makao makuu aliteremsha vile vipande vyote vya ukutani, mbele yetu, mchana kweupe, akafuta chaki kwa kitambaa chenye maji. Kuna mmoja wetu alinung'unika kwamba burudani imekwisha. Alimtazama tu, na huyo mtu akakumbuka ana kazi mahali.

Twiga alipopona walimweka getini kuinua na kushusha kizuizi. Mama Mtutu akaomba aletwe ghalani awe msaidizi wake. Kioo, ambaye wakati ule alikuwa hajahama bado, alisema silaha zinataka mtu mwenye mikono kamili.

"Wewe unayo kamili," akamjibu, "na sijawahi kukuona ukiosha hata kikombe chako cha chai."

Hilo onyo la lugha, kama mnavyoona, lilifanya kazi upande mmoja tu, na mimi sikulalamika.

Aliyekuwa mgumu ni Twiga mwenyewe. Alikataa. Mama Mtutu akamfuata getini, akasimama juani pembeni ya kizuizi. Nilikuwa napokea mzigo wa mabuti hapo, nikasikia.

"Unanihurumia," Twiga alisema. "Sitaki."

"Huruma ninayo kidogo, siigawi ovyo. Nataka mtu ambaye askari hawatamkimbia. Mimi nimeshaharibu hapo."

"Na lile jina?"

"Nimelifuta."

"Ukutani umelifuta. Bombani je?"

"Kweli," akasema Mama Mtutu, akaondoka.

Jumamosi asubuhi, mama huyu ambaye wakuu wa vituo walimpisha njia alikwenda bombani na ndoo tupu, akasimama katikati ya watoto wa kituo kizima na kuwaambia wamekosea mtu. Fundi Sufuria, aliwaambia, si baba yake mtu yeyote hapa. "Ni mimi. Jina ni langu, nililitunga mwenyewe, nalitaka lirudi kwangu. Mkitaka kuliita, niiteni mimi."

Watoto hawahitaji kuambiwa mara mbili jambo la namna hiyo. Mwaka mzima, kila alipopita, ilikuwa "Shikamoo, Mama Sufuria!" kutoka juu ya kuta, kutoka madirishani, kutoka migongoni mwa baiskeli. Na kila mara aliitika "Marahaba" kwa meno yaliyobana, bila kukosa hata mmoja. Wanawe Twiga ndio waliokuwa wakipaza sauti kuliko wote. Jumatatu ya pili baada ya ile Jumamosi, Twiga alikuja ghalani.

Wamefanya kazi pamoja tangu hapo. Kwa kuwa mkono wake wa kushoto haukuweza tena kuishika bunduki vizuri huku wa kulia ukisukuma ufito, Twiga alitengeneza kitanda cha mbao chenye mashavu mawili yaliyovalishwa turubai, kinachoishika bunduki isitikisike. Mama Mtutu alikikagua, akakitikisa, akatafuta la kukitukana, akakosa. Akaagiza vitengenezwe vingine. Leo hakuna askari wetu anayesafisha bunduki ameibana kwa magoti, na ufito haupindi tena ndani ya mtutu, kwa sababu mtu mwenye vidole vitatu mkono mmoja alihitaji mahali pa kuilaza.

Msije mkadhani Mama Mtutu aligeuka asali. Dharau yake haikupungua hata kidogo, aliigeuza mwelekeo tu. Aliwatukana waliotuletea fito za chuma za bei rahisi. Aliwatukana wauza dawa wanaoandika kwenye chupa kwamba inasafisha kwa dakika moja. Alimtukana mkaguzi aliyeuliza kama mitutu inaweza kupakwa rangi kwa ndani. Askari aliyekuja na tatizo hakuguswa. Akipandisha sauti, Twiga alikohoa, naye akashusha.

Mke wa Twiga hakumsamehe kwa siku moja, wala mimi sisemi kwamba amemaliza. Kwa muda mrefu walipishana bila salamu. Kisha ikaja salamu ya kichwa. Mwaka juzi yule mtoto aliyekuwa mchanga kwenye benchi la hospitali alianza sekondari, na mama yake akamtuma kwa Mama Mtutu kumuaga kabla ya kupanda basi. Mtoto akaamkia, "Shikamoo, bibi." Mama Mtutu aliingia ndani ya ghala akakaa humo kitambo, na Twiga akatuambia anahesabu risasi.

Wiki iliyopita askari mpya, binti aliyetoka mafunzoni juzi tu, alikuja barazani wakati foleni imefika hadi kwangu. Akapita wote, akaweka bunduki dirishani na kusema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Mama, nimekwamisha kitambaa. Nimesukuma kidogo nikaona hakiendi, nikaacha."

Nilimtazama Mama Mtutu. Nikaona shingo ikivimba, nikaona midomo ikijikusanya. Nyuma yake Twiga hakukohoa.

"Umeacha," Mama Mtutu akarudia. "Umeona hakiendi, ukaacha."

"Ndiyo, mama."

Akageuka kwetu sote tuliokuwa kwenye foleni, wakubwa kwa wadogo. "Kuna watu wamekaa hapa miaka ishirini hawajajifunza hicho," akasema, na mimi najua alikuwa anamtazama nani. Kisha akampisha Twiga, naye akailaza bunduki ile kwenye kitanda chake, akaingiza ufito kwa nyuma, pole pole, huku yule binti amesimama karibu naye akitazama.

Kuanzia Jumatatu ijayo dirisha ni la Twiga. Mama Mtutu anakwenda kuishi na mdogo wake wa kike, ambaye ameshampa sharti moja kwa simu: asiguse wala asiseme lolote kuhusu visu vyake vya jikoni. Tunampa pole dada huyo mapema.

Kwa niaba ya stoo ya sare, ya askari wote waliorudi nyumbani kwa sababu risasi zao zilikwenda walikozituma, na ya kamati pamoja na lile ganda lake, tunakushukuru, Mama Mtutu. Asante kwa mitutu iliyonyooka. Asante kwa matusi tuliyostahili. Yale ambayo hatukustahili ulishayabeba mwenyewe, bombani, mbele ya watoto. Pumzika vizuri, ulale mpaka jua likuchoke, afya isikupungukie. Na Mungu akujalie majirani wasiojua kusafisha kitu chochote, ili hata huko uendako usikose watu wa kuwadharau.